Mwanangu, ukifika Watamu yaache maji yakupangie siku

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi sana kusikia kwamba wewe na mume wako mmefanikiwa kupata likizo kwa wakati mmoja mwezi wa Januari. Umeniuliza mambo mawili: mfanye nini Watamu kwa siku nne ili msirudi Nairobi mmechoka kuliko mlivyoondoka, na katika ile orodha uliyoniandikia ni kipi ambacho ni hasara kukikosa. Orodha yenyewe nimeisoma kwa makini. Umetaja matumbawe, magofu ya Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke, mnara wa Vasco da Gama kule Malindi, makorongo ya Marafa, na mwisho kabisa ukaongeza Lamu. Hakuna baya hata moja hapo, lakini hiyo ni kazi ya wiki mbili, tena ni kazi kweli. Lamu ifute, kwa sababu inastahili safari yake yenyewe. Marafa nayo iache, maana mtashinda garini kwenye jua la Januari ili mkatazame mahali ambapo hata wenyeji hukwepa kufika mchana. Malindi mtaiona mkitaka, kwani ni mwendo mfupi, lakini msiifanye sharti.

Yaliyobaki yanategemea jambo moja ambalo watu wa bara hulisahau wanapopanga likizo ya pwani, nalo ni kujaa na kupwa kwa maji. Watamu imebanwa na maji pande mbili. Mbele yake kuna bahari na mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni, na nyuma yake kuna Mida, lile hori pana la maji ya chumvi lililozungukwa na mikoko. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko siku iliyotangulia, kwa hiyo mahali mlipotembea kwa miguu leo asubuhi panaweza kuwa pa kuogelea siku chache baadaye katika saa ile ile. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja maji ya bamvua, ambayo hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake huja maji mafu, yasiyosogea mbali. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji huwa yamepwa kabisa kwenye saa nne hivi asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri, na siku za maji mafu mambo hugeuka. Ukilijua hilo, siku yako inajipanga yenyewe. Kila jioni mwulizeni mhudumu wa mahali mtakapolala, au mvuvi yeyote mtakayemkuta akitengeneza nyavu, kesho maji yatapwa saa ngapi, na jibu hilo ndilo litakalowaambia mwamke saa ngapi.

Asubuhi ya maji kupwa nendeni kwenye ghuba wanayoiita Blue Lagoon. Vaeni viatu vya mpira ambavyo havitavuka mguuni, kwa sababu mwamba wa matumbawe hukata, na kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi wanaojificha kwenye mianya. Tembeeni polepole kati ya vidimbwi vilivyoachwa na maji. Msiwe na haraka ya kufika kokote. Chagueni kidimbwi kimoja, mchutame kando yake bila kukitia kivuli, na baada ya muda kitaanza kuishi mbele ya macho yenu: samaki wadogo watatoka chini ya jiwe, kaa wa kome atajikokota na nyumba yake, na kiti cha pweza ambacho mlidhani ni jiwe jekundu kitasogea. Nakusihi usikitoe kwenye maji ili upigwe picha, kama nilivyoona wageni wengi wakifanya, na usichukue kombe wala kauri hata ikiwa tupu, kwa sababu kaa wa kome wanaihitaji. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya bahari hiyo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, na sheria inakataza.

Kuhusu matumbawe, ninafahamu kwamba mkwe wangu haogelei na kwamba ana haya ya kulisema. Mwambie asijilazimishe. Boti zenye kioo sakafuni zipo, na atakayoyaona ameketi ni mengi. Wewe unayependa maji, vaa miwani na kijiti cha kupumulia na ulale juu ya maji bila kupigapiga miguu. Januari ni msimu wa kaskazi, bahari imetulia na maji ni maangavu, tofauti kabisa na wakati wa kusi ambapo mawimbi huchafua maji na mwani hujazana ufukweni. Ukiwa umetulia hivyo, tumbukiza masikio na usikilize. Utasikia mlio wa kutafunatafuna kila upande. Ni pono hao, wale samaki wa rangi ya kijani na samawati, wanaoparura mwamba kwa meno yao. Hula kilichoota juu ya tumbawe na kulitoa jiwe lililosagika likiwa mchanga, na sehemu ya mchanga mweupe mtakaoukanyaga imepitia matumboni mwao. Usisimame juu ya matumbawe hata ukichoka, kwa kuwa ni viumbe hai na hukua kidogo mno kwa mwaka. Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, hivyo malizeni jambo hilo mkiwa chumbani. Bei ya boti nayo mkubaliane kabla ya kupanda, kwa heshima na bila kuvutana, na mwulize kama jaketi za kuelea zipo za kuwatosha nyote.

Mida ndiyo msiyopaswa kuikosa, hata kama mengine yote yatawashinda. Wageni wengi hukaa Watamu wiki nzima wakitazama bahari tu, wakaondoka bila kujua kilichokuwa nyuma ya migongo yao. Natamani muende mara mbili, mara moja maji yakiwa yamepwa na mara nyingine yakiwa yamejaa, kwa maana mtaona mahali pawili tofauti. Maji yakipwa, uwanda mkubwa wa matope na mchanga hubaki wazi, na ndege hushuka kula. Wengi wao mwezi wa Januari ni wasafiri waliokimbia baridi ya Ulaya na Siberia. Wapo pia ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama nyundo, ambao chakula chao ni kaa. Hao huzaliana pande za Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu, huko wakichimba mashimo mchangani ya kutagia, na Mida ni mojawapo ya mahali wanapokuja kukaa wakishamaliza kulea. Kuna njia ya mbao na kamba iliyojengwa kupita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege, na ada inayotozwa hapo husaidia kulipia karo ya watoto wa sekondari wanaotoka katika vijiji vinavyopakana na hori na msitu. Lipeni bila kunung'unika, na mchukue kijana wa kuwaongoza, kwa sababu wao wamekulia pale na macho yao huona yasiyoonwa na yetu.

Mkifika katikati ya njia hiyo, mwombe kijana awaonyeshe mchu. Ni mti ambao mizizi yake ya kupumulia huchomoza topeni, na majani yake hutoa nje chumvi ambayo mti umeinywa pamoja na maji. Ukiligeuza jani mahali pakavu unaweza kuziona chembe zake, na ukiligusa kwa ncha ya ulimi utaionja. Kisha tazama mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayojipinda kama matao: mbegu yake huchipua ingali inaning'inia mtini, ikarefuka, na inapodondoka maji yakiwa yamepwa huchoma tope na kusimama hapo hapo. Chini yake mtaona kaa wadogo wengi, madume wakiwa na gando moja kubwa lisilolingana na mwili, wakilipunga juu na chini kuwaita majike. Mkikaa kimya watatoka mashimoni. Mkisogea tu, wote wamezama. Baba yako alikuwa akipenda sana kuwatazama hao, akikaa hadi maji yanamrudisha. Miti hiyo ndiyo iliyotoa boriti zilizoezekea nyumba za mawe za pwani yetu, na shehena nyingi zilipakiwa majahazini kupelekwa Arabuni, ambako miti mirefu ya kujengea ni haba.

Mara ya pili nendeni alasiri ya maji kujaa, kwa mtumbwi, na si kwa boti ya mashine. Mwishoni, mkiwa na njaa, fikeni Dabaso kwenye mkahawa uliojengwa juu ya nguzo katikati ya mikoko. Ni mali ya kikundi cha wanakijiji wanaofuga kaa na kutunza mikoko, na sambusa zao za kaa ni tamu kwelikweli. Fikeni kabla ya magharibi ili mpate nafasi ya ukingoni.

Gede ipeni asubuhi moja, na mfike mapema kabla ya jua kukaza. Najua mliwahi kupelekwa na shule, lakini mtoto aliyepangwa kwenye mstari haoni kitu. Ule ulikuwa mji wa Waswahili wenye msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima na vyoo ndani ya nyumba, uliostawi kwa karne kadhaa hadi ukaachwa katika karne ya 17, na msitu ukaumeza. Mwaka 1948 mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuufukua, na nyumba nyingi zikaitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: nyumba ya mkasi, nyumba ya kauri, nyumba ya sarafu za Kichina. Mkisimama kwenye chumba kidogo na kufikiri kwamba mtu aliuacha mkasi wake pale, mji wote unawakaribia. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani mwaka 1399 kwa kalenda ya Miladia, lisomeni wenyewe. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia, na moyo wangu ulijaa furaha, kwa sababu ni wa babu zetu. Kima wa pale wamezoeshwa vibaya na wageni, kwa hiyo ndizi msibebe. Ndani ya uwanja huo huo upo mradi wa Kipepeo, ambapo wakulima wanaoishi kandokando ya msitu huleta pupa waliowafuga, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya vifuko vyao, ili wauzwe ng'ambo. Tangu mwaka 1993 umewapa sababu ya kuutunza msitu badala ya kuukata.

Msitu wenyewe wa Arabuko-Sokoke uingieni kama tu mtaamka alfajiri mkiwa na hamu, pamoja na kiongozi. Ni mkubwa, takriban kilomita za mraba 420, na bila kiongozi mtaona miti na mbu.

Asubuhi nyingine mpite kwa watu wa Local Ocean Conservation wanaotibu kasa. Mvuvi akimnasa kasa au ng'amba kwenye wavu huwapigia simu, nao humfuata, wakampima, wakamweka alama na kumrudisha baharini, au wakamlaza kwa matibabu ikiwa ameumia au amemeza plastiki. Mtawaona wagonjwa waliopo, na mtaelewa kwa nini siku hizi nakataa mifuko sokoni.

Saa za mchana, kuanzia saa sita hadi saa tisa, laleni. Nasema hivi kwa uzito wote. Tangu utotoni umekuwa ukijiona mvivu unapopumzika, na sauti yako katika simu mwezi uliopita ilinitia wasiwasi. Jua la Januari halina huruma, wenyeji wenyewe huingia ndani, na hakuna utakachokikosa. Kunyweni madafu, laleni, kisha amkeni mwende kijijini kula viazi karai na mabuyu mlangoni mwa watu. Kifungua kinywa msikile hotelini kila siku. Tafuteni mahamri na mbaazi za nazi kwa akina mama wa kijiji cha zamani, kabla hazijaisha. Mkipita huko jifunge leso juu ya nguo za kuogelea, na kila mzee mtakayekutana naye mwamkieni kwanza kabla ya kuuliza njia, kama nilivyokulea.

Kuhusu usafiri, chukueni treni ya mchana kutwa hadi Mombasa, mlale huko, na asubuhi mpande matatu ya Malindi. Mteremke Kilifi mle chakula cha mchana kwangu; samaki wa kupaka nitawawekea. Jioni mtaendelea hadi Gede, na tuktuk itawafikisha Watamu kwa muda mfupi. Nitumie tarehe kamili kabla ya kulipia chumba, niangalie mwezi utakuwa wa ngapi. Ikiwezekana siku zenu ziangukie bamvua, mpate asubuhi za kutembea mwambani na alasiri za mtumbwi. Mwambie mkwe wangu namsalimu, na kofia asisahau.

Ni mimi mama yako,
Kilifi