Taa hafifu za Defender ya zamani: anza na nyaya

Ndugu, nimekuelewa: Land Rover Defender 110 yako ya miaka ya 1990 inamulika hafifu usiku, na umeshauriwa ubadilishe balbu tu uweke za LED. Nakusihi usinunue chochote kwanza. Washa taa injini ikiwa inaunguruma, balbu zikiwa zimechomekwa, kisha upime volti kwenye soketi ya balbu na kwenye betri. Tofauti ikizidi volti 1, tatizo ni nyaya, kwa sababu katika magari haya umeme wote wa taa za mbele hupitia kwenye swichi ya usukani, ambayo huchoka na hata kuungua.

Funga relei mbili (swichi ndogo zinazoendeshwa kwa umeme, ili umeme mkubwa wa taa usipitie tena kwenye swichi ya usukani), moja ya mwanga mkubwa na nyingine ya mwanga mdogo, zichukue umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi iliyo karibu nayo. Safisha pia sehemu za eathi, yaani pale nyaya za hasi zinapofungwa kwenye bodi, hadi zing'ae, maana pale bodi ya alumini inapokutana na boliti ya chuma hujitokeza unga mweupe unaozuia umeme.

Ukishamaliza, na bado unataka LED, nunua taa nzima ya inchi 7 iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kushoto wa barabara. Balbu ya LED ndani ya taa ya halojeni hutawanya mwanga na kumpofusha dereva anayekuja mbele yako. Indiketa za LED nazo huhitaji flasha (kifaa kinachozifanya ziwake na kuzimika) ya kielektroniki.

Ukikuta nyaya zimeyeyuka, au fyuzi mpya ikikatika tena, mwite fundi umeme wa magari kabla hujaliendesha usiku.