Barua kwa mwanangu: tulicheka nini?

Mwanangu mpenzi,

Wa alaikum salaam. Ujumbe wako nimeusoma, nikausoma tena, kisha mamako akaninyang'anya simu. Unasema uliwaalika wenzako hapo unapokaa Nairobi, ukawawekea Some Like It Hot, ile filamu ya wanamuziki wawili wanaovaa magauni ili kuwakimbia majambazi, niliyokuwa nikikusimulia tangu u mdogo. Chumba kikanyamaza. Mmoja akaishia kwenye simu yake, mwengine akasema kuwacheka wanaume waliovaa kike ni kudhalilisha watu. Sasa waniuliza: Baba, inachekesha kweli, au mlicheka kwa kuwa hamkuwa na kingine cha kutazama?

Inachekesha. Lakini si yote, na hapo ndipo penye maneno.

Wewe wadhani kilichowatenga na filamu ile ni miaka. Ilitoka 1959, hata wazazi wa wenzako hawajazaliwa, tena haina rangi. (Rangi ziliachwa makusudi. Walipojaribu, poda za wale wanaume ziligeuka kijani usoni.) Mimi nasema miaka haina kosa. Sisi wafanyakazi wa hoteli hapa Malindi tulikuwa mbali nayo kuliko nyinyi. Tuliiona kando ya bwawa la kuogelea, kwa kaseti ya mgeni mmoja wa Kitaliano, na Wamarekani wote wale wakizungumza Kitaliano, maana Waitaliano hupenda kuzitia filamu za kigeni sauti zao. Kitaliano chetu siku zile kilikuwa cha vinywaji na bei. Marilyn Monroe tulimjua kwa picha. Hao wengine hatukuwajua, na Chicago ya 1929, inakoanzia filamu, hatukuwa na habari nayo. Tulisimama nyuma ya viti na trei mikononi. Kwa hiyo ukitaka kujua kipi ndani yake kimedumu, waache wajuzi na orodha zao. Mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Marekani iliiweka ya kwanza kati ya vichekesho 100 vya nchi hiyo, lakini orodha haijamchekesha mtu. Niulize mimi tulicheka wapi, na wapi tulibaki kuangaliana.

Tulibaki kuangaliana pale jambazi mkubwa, Spats Colombo, anapomwona kijana akirusha sarafu na kuidaka, akamuuliza mchezo huo wa ovyo kautoa wapi. Wageni wazee waliangua kicheko, sisi kimya. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba mwigizaji huyo, George Raft, alijipatia jina mwaka 1932 katika Scarface, akiigiza jambazi anayerusha sarafu vivyo hivyo. Kumbe alikuwa akijicheka mwenyewe. Tony Curtis naye, mmoja wa wale wanamuziki wawili, anapojidai tajiri wa mafuta, anaiga sauti ya Cary Grant, nyota wa sinema wa enzi zile. Asiyemjua Cary Grant atasikia mtu mwenye mikogo, basi. Vichekesho vya namna hiyo vimekufa, na kuvieleza hakuvifufui. Mtu ukimfafanulia acheke wapi, atatikisa kichwa kwa adabu tu.

Sasa tulicheka wapi? Mwanzo kabisa, polisi wanalifukuza gari la maiti, risasi zinatoboa jeneza, na kinachovuja si damu, ni pombe. Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, na sisi hatukuijua sheria hiyo. Lakini magendo nani asiyeyajua pwani hii? Mtunza bustani wetu alisema, "Kumbe marehemu alikuwa na kiu," tukashindwa hata kushika trei.

Kisha lifti. Jack Lemmon, yule mwanamuziki wa pili, kwa jina la Daphne, na wigi lake na viatu virefu, anaingia lifti pamoja na Osgood, mzee tajiri mwenye mdomo mpana. Mlango unafungwa. Hatuonyeshwi chochote cha ndani. Tunaona mshale tu juu ya mlango, ule wa kuhesabu ghorofa: unapanda, unasita, unarudi chini. Mlango unafunguka, na Daphne anamzaba mzee kofi. Hakuna neno hapo la kutafsiriwa. Na nataka umwambie yule mwenzako aliyeudhika: waliocheka wa kwanza walikuwa kina mama wa usafi wa vyumba, sisi wanaume tukafuata. Wao lifti waliijua. Tena hata lifti haikuhitajika, korido ilitosha. Mwanamume yule kavaa gauni muda mchache tu na tayari yamemkuta yanayowakuta wao kila zamu, na analalamika kama kwamba yeye ndiye wa kwanza duniani. Anayechekwa hapo si mvaa gauni.

Lakini simtetei Wilder, mwongozaji wake, kwa kila kitu. Pale stesheni Monroe anapopita, mvuke wa treni ukamrukia nyuma na kamera ikamfuata kwa macho ya tamaa, filamu yenyewe inafanya kile anachofanya Osgood, na hakuna wa kuizaba kofi. Mimi nimelea mabinti, kipande hicho nakiruka.

Tuje kwenye kimya cha chumba chenu, maana hicho ndicho kilichokusumbua. Kipo kipande Osgood na Daphne wamecheza tango hadi alfajiri, ua likipitishwa kutoka meno ya huyu kwenda ya yule. Daphne anarudi hotelini, anajilaza kitandani na manyanga mkononi, anamtangazia mwenzake kwamba ameposwa. Anasema neno, anatikisa manyanga, anaimba kidogo. Neno jengine, manyanga tena. Wilder ndiye aliyempa Lemmon manyanga yale, na sababu yake ilikuwa ya kikazi: alijua ukumbi utacheka kwa nguvu mpaka jibu linalofuata lisisikike, akataka kitu cha kujaza nafasi watu wamalize kucheka. Nafasi zile zilikatwa kwa kipimo cha ukumbi uliojaa. Nyinyi mlikuwa wanne, kila mmoja akingoja mwenzake aanze, taa inawaka, na simu zi mapajani. Kicheko hakikuja, nafasi ikabaki wazi, mkaona mtu mzima anatikisa manyanga kupita kiasi. Video fupi mnazotumiana hazina nafasi hiyo, zimetengenezwa kwa mtu mmoja na kidole chake.

Wala maneno hayakutuponza sisi. Daphne alipoonyesha bangili ya almasi aliyopewa, mama mmoja wa usafi akasema kwa sauti, "Keshaposwa huyo, na mahari keshapokea!" Wageni waligeuka kutazama kina nani hao wanaocheka nyuma kuliko wao mbele. Na kwa kweli kichekesho ni kimoja tu hapo: mtu kavaa uongo ili aokoe roho yake, uongo ukamletea raha, akasahau kwamba ni uongo. Mwenzake inabidi amkumbushe kuwa yeye ni mwanamume, na habari hiyo inamhuzunisha. Hilo halihitaji Chicago.

Hukuniambia kama mlifika mwisho, au yule wa simu aliwavunja moyo mkaizima. Mwisho wake ni ndani ya boti. Daphne anatafuta kila sababu ya kuvunja posa: rangi ya nywele si ya asili, anavuta sigara, hawezi kuzaa. Osgood anasamehe moja baada ya moja, uso umemng'ara. Mwishowe Daphne anavua wigi na kusema yeye ni mwanamume. Osgood hata usukani hauachii, anajibu tu kwamba hakuna aliyekamilika. Kama mwenzako hakukiona kipande hicho, bado hajapata haki ya kuudhika wala ya kutoudhika.

Idi ukija, uje nayo kwenye flashi. Tutawaita shangazi zako wa Shella na watoto wao, na majirani wakitaka. Shangazi yako mkubwa hajui Kiingereza wala Kitaliano, na akianza kucheka hata mwenye simu ataiweka chini.

Babako