Bei ya Umeme Isiyobadilika: Je, Inamfaa Mstaafu?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Kikuyu, jijini Dodoma. Dada yangu mwenye umri wa miaka 73 anaishi Leicester, Uingereza, na kampuni inayomuuzia umeme na gesi imemtaka achague kati ya bei isiyobadilika kwa mwaka mmoja na bei inayopanda na kushuka. Ananiuliza mimi, nami sina jibu. Je, mpango huo unamfaa mzee? Na sisi wa huku tunaweza kuupata? Watoto wangu hunitumia fedha za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, lakini uniti hazieleweki: mwezi mmoja shilingi 10,000 hunipa nyingi, na fedha hizo hizo zikija mara ya pili ndani ya mwezi hunipa chache mno.

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Tuanze na dada, kwa kuwa yeye ndiye mwenye karatasi ya kutia saini.

Kinachofungwa katika mpango huo ni bei ya kila uniti pamoja na ada ya kila siku ya kuunganishwa, wala si jumla ya fedha atakazolipa. Baridi ikizidi na akawasha joto la nyumba mchana na usiku, ankara yake itapanda vilevile, na hapo ndipo wazee wengi hujiona wamedanganywa ilhali mkataba ulisema wazi. Bei inayobadilika nayo haikuachwa huru, kwani tangu Januari 2019 mdhibiti wa nishati wa huko, Ofgem, huiwekea ukomo, na ukomo huo sasa hupitiwa kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo aulinganishe mkataba na ukomo wa sasa, uniti kwa uniti na ada kwa ada. Bei ya mkataba ikiwa chini ya ukomo, au juu yake kwa kiasi kidogo, mtu anayeishi kwa pensheni ana sababu nzuri ya kuichukua, maana anajua bei itakayomkuta wakati wa baridi. Kabla ya kutia saini aulize faini ya kujitoa mapema, hasa kama anafikiria kuhamia kwa wanawe au kurudi nyumbani kabla ya mwaka kwisha.

Ama sisi wa huku, Mwalimu, hatuna wa kutuuzia mpango kama huo, kwa sababu muuzaji wa umeme wa gridi majumbani ni shirika la umeme, TANESCO, peke yake na bei huidhinishwa na mdhibiti wa nishati wa hapa kwetu, EWURA. Hata hivyo, ukitazama kwa makini utaona kwamba bei yetu ndiyo iliyosimama. Bei za msingi zilizoanza Aprili 2016 zilikaa miaka mingi bila kuguswa, na ongezeko la asilimia 8.5 lililoidhinishwa mwishoni mwa mwaka huo lilizuiwa na Serikali kabla halijaanza kutumika. Kinachokusumbua basi si bei kuhama, bali daraja ulilomo na namna unavyonunua.

Maelezo yako yanaonyesha kwamba umo katika daraja la matumizi madogo, D1. Uniti 75 za kwanza katika mwezi huuzwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, ambazo kwa kawaida huifikisha shilingi 122, ndiyo maana watu wengi wanaikariri ile 9,150 ya uniti zote 75. Ukivuka 75, kila uniti inayofuata huanzia shilingi 350, yaani kama 427 ukijumlisha makato. Hesabu hiyo hufuata manunuzi ya mwezi na haijali kama umeme umeshautumia au bado uko kwenye mita.

Hapo ndipo upendo wa watoto unapoharibu hesabu. Wakikununulia umeme wa shilingi 30,000 kwa mkupuo, utapata uniti 75 za bei nafuu na nyingine zisizofika 49 za bei ya juu, jumla kama 124. Fedha hizo hizo zikigawanywa 10,000 kwa miezi mitatu, utapata karibu 231. Waombe wapange zamu, mmoja mwezi huu na mwingine mwezi ujao, badala ya kutuma wote wiki moja ya sikukuu.

Usiogope kupita kiasi ile 427, maana hata mwezi utakaofika uniti 90 utalipa kama 15,550, wakati jirani aliye katika daraja la matumizi ya kawaida, T1, anayelipa takriban 356 kwa kila uniti tangu ya kwanza, atatoa zaidi ya 32,000. Cha kuogopa ni kuzidisha mwezi baada ya mwezi hadi ukahamishiwa huko. Friji ndogo ikila uniti moja kwa siku, imekwisha kuchukua 30. Jiko la umeme la wati 1,500, likiwaka saa moja kila siku, huchukua 45, na hapo 75 zimeisha kabla ya kuwasha taa. Katika baridi ya Juni na Julai, ambayo sisi wa Dodoma tunaijua, hita ya maji ya kuoga humaliza kilichobaki. Maji ya kuoga yachemshwe kwa gesi.

Kama itatokea umehamishiwa T1 na matumizi yako yameshuka, nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita, uombe kurudishwa D1 kwa kuonyesha manunuzi ya miezi iliyopita.

Mwisho, tazama risiti ya tokeni ya kwanza ya kila mwezi. Ukiona shilingi 1,500 zimekatwa, hiyo ni kodi ya Serikali ya jengo, inayokatwa kupitia LUKU. Sheria inatoa msamaha kwa nyumba moja ya makazi ambayo mwenyewe, mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, anaishi ndani yake bila kuifanyia biashara, lakini mita haijui umri wa mtu. Ukiwa na sifa hizo, beba kitambulisho cha Taifa, uthibitisho wa umiliki na namba ya mita, uanzie kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa akuandikie barua, kisha upeleke maombi Mamlaka ya Mapato, TRA. Kama kuna wapangaji katika vyumba vya uani, uwaeleze mapema, kwa kuwa hilo linaweza kubadilisha jibu.