Re: Zawadi ya Krismasi kwa mama mkwe anayeshona
Dada, kama mama mkwe anashona nguo na mashuka ya viraka, mimi ningemnunulia mkasi mzuri wa kitambaa, wa inchi 9 au 10. Mkasi butu unatafuna kitenge, na vipande vikikatwa ovyo pembe hazikutani hata ushone kwa umakini gani. Waambie watoto wasiukatie karatasi, utaisha makali upesi.

Hela ikibaki, ongeza sindano za cherehani: namba 14 kwa kitenge, 16 kwa jinzi. Ila chungulia kwanza anayotumia. Sindano ya cherehani ya nyumbani shina lake, ile sehemu nene inayoingia kwenye cherehani, ni bapa upande mmoja, ya kiwandani ni la mviringo, haziingiliani.

Kitambaa usimchagulie. Nenda naye dukani, achague rangi mwenyewe, wewe ulipe.