Kuhakiki probu kabla ya kupanda kilimani kupima mawimbi ya minara ya simu

Probu ni kipimio cha nguvu ya mawimbi ya redio. Cheti chake cha kalibresheni, yaani cha kuhakikiwa usahihi, kinaeleza hali yake siku ilipokuwa maabara. Hakijui lolote kuhusu probu iliyorukaruka nyuma ya gari kutoka Igoma hadi Bugando. Ihakiki mwenyewe kabla ya kazi na baada ya kazi, hasa hapa Mwanza, ambako baadhi ya nyumba za vilimani zinaweza kulingana kwa urefu na antena za mnara uliosimama chini yake.

Anza na sifuri. Weka kichwa cha probu ndani ya kopo la chuma la biskuti, ziba mwanya wa mpini kwa foili ya jikoni, ndipo ubonyeze kitufe cha sifuri. Ukiweka sifuri ukiwa tayari chini ya mnara, kifaa kitauhesabu uga (nguvu ya mawimbi) uliopo kuwa si kitu, na vipimo vyote vitashuka. Ukitoka kwenye kiyoyozi cha gari kuingia juani, subiri dakika 15 hadi 20, kisha rudia.

Chanzo cha kulinganishia kisiwe simu. Simu hupandisha na kushusha nguvu yake yenyewe kadiri mtandao unavyotaka, na ruta ya Wi-Fi hurusha kwa vipande vipande. Tumia jenereta ndogo ya mawimbi yenye antena fupi, vyote vikifungwa kwenye ubao mkavu wenye alama ya mahali probu inapokaa. Andika usomaji wa kwanza siku probu inaporudi kutoka maabara, ukiwa umesimama mbali, kwa sababu mwili wako nao huakisi mawimbi.

Ubao huohuo utakuonyesha kama dipoli zote tatu, yaani antena ndogo zilizo ndani ya kichwa cha probu, zinafanya kazi, na hapa ndipo wengi wanapopita haraka. Probu yenye dipoli moja iliyokufa bado inasoma, tena vizuri tu, ukiielekeza upande mmoja. Kama dipoli zimepangwa kuzunguka mpini, ulaze mpini nyuzi 54.7 kutoka mwelekeo wa uga wa umeme, kisha uzungushe duara zima taratibu. Kila dipoli italingana na uga kwa zamu. Usomaji mkubwa kabisa ukigawanywa kwa mdogo kabisa na kufika 1.26, hiyo ni tofauti ya desibeli 2 (desibeli ni kipimo cha uwiano), yaani ±1. Probu nyingi huvumilika hapo. Usomaji ukiporomoka karibu na sifuri mahali fulani, rudisha probu kwa fundi.

Kipengele cha kusahihisha, yaani namba ya kuzidishia usomaji kwa kila masafa, nacho hukosewa. Soma kwanza kama ni cha uga (volti kwa mita, V/m) au cha msongamano wa nguvu (wati kwa mita ya mraba, W/m²). Ukisoma 20 V/m kwenye 900 MHz na kipengele cha uga ni 1.15, jibu ni 23 V/m. Msongamano ni 23² ÷ 377 (ukinzani wa anga kwa mawimbi, kwa omu), karibu 1.4 W/m². Anayezidisha msongamano wa awali, 1.06, kwa 1.15 tu anapata 1.2, na amepunja. Mnara wenye masafa kadhaa, chukua kipengele kikubwa kuliko vyote.

Probu zipo za aina mbili kuu, kulingana na kinachogeuza mawimbi kuwa usomaji. Ya daiodi huweza kuzidisha usomaji palipo na mawimbi mengi makali kwa pamoja. Ya thamokapo, inayopima joto la mawimbi, hupata wastani sahihi, lakini huungua upesi, hata kifaa kikiwa kimezimwa. Usiipitishe mbele ya antena kwa karibu. Usiitikise pia: chaji tuli huleta namba za uongo.

Uhakiki wa jioni ukitofautiana na wa asubuhi kwa zaidi ya desibeli 1, vipimo vya siku hiyo haviingii kwenye ripoti.