Safari ya kwanza ya kuwinda kulungu: nipige nikiwa umbali gani?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Wenzangu wa kazini wamenialika tukawinde kulungu wa mkia mweupe hapa Marekani mwezi wa Novemba. Kwangu ni mara ya kwanza. Nimenunua raifoli ya kipimo cha .30-06 iliyokwisha kutumika, ina darubini juu yake, pamoja na nguo za madoa-madoa, buti na kisu. Wenzangu wanasema hayo yanatosha, mengine nitajifunza huko huko porini. Je, kuna kifaa nilichosahau? Na mtu mgeni kama mimi apige akiwa umbali gani?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nafundisha wawindaji wapya, na naona swali lako la pili lina uzito kuliko la kwanza. Mgeni hapungukiwi vifaa. Anachopungukiwa ni risasi ambazo alipaswa kuzipiga kwenye shabaha kabla ya kuingia msituni. Wenzako wana nia njema, lakini porini si mahali pa kujifunza kulenga, kwa sababu pale anayelipia kosa ni mnyama.

Tuanze na karatasi, tuzimalize upesi. Majimbo mengi hayatoi leseni ya uwindaji mpaka uonyeshe cheti cha mafunzo ya usalama, na kipimo chao ni tarehe ya kuzaliwa. Texas inawadai waliozaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye, Wisconsin waliozaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye, Minnesota waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979. Yapo majimbo yanayompa mgeni kibali cha muda cha kuwinda akiwa na mwenye uzoefu ubavuni, lakini nakusihi uyasome mafunzo hata kama sheria inakuruhusu kuyaruka. Kingine: kama uko nchini kwa viza ya muda, iwe ya masomo, kazi au matembezi, sheria ya shirikisho inakukataza kuwa na bunduki au risasi isipokuwa kwa masharti machache, na mojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Maana yake leseni hutangulia bunduki. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hahusiki na katazo hilo. Ikiwa jambo hili linakugusa, zungumza na wakili kabla hujaigusa tena raifoli hiyo.

Sasa bunduki yenyewe. Darubini iliyowekwa na mtu mwingine usiiamini hata kidogo, kwani ililenga kwa jicho lake na kwa risasi zake. Mpelekee fundi wa bunduki akague mtutu, triga, swichi ya usalama na skrubu zinazoshika darubini. Kisha chagua aina moja ya risasi, uzito mmoja, na ununue za kutosha mazoezi na safari. Risasi za uzito tofauti kutoka mtutu ule ule huangukia mahali tofauti. Ukifikiria kutumia risasi za shaba badala ya zile za kawaida zenye madini ya risasi (lead), amua sasa hivi, kabla hujaanza kurekebisha darubini. Mimi nazipendelea za shaba. Ile ya kawaida hupasuka ndani ya mnyama na kutawanya vipande vidogo visivyoonekana, vingine mbali na jeraha, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito watakaokula nyama hiyo.

Uwanjani, vaa vizuia sauti masikioni na miwani, kisha anza kwa yadi 25 ili risasi zipate karatasi kwanza. Halafu nenda yadi 100, yaani mita 91. Egemeza raifoli juu ya mfuko wa mchanga, piga tatu bila kugusa darubini, uone zimekusanyika wapi. Darubini nyingi za uwindaji husogeza shabaha robo inchi kwa kila mbofyo ukiwa yadi 100. Kama kundi lako la matundu liko inchi 3 chini ya kitovu, unahitaji mibofyo 12 kwenda juu. Rekebisha kwa kundi zima, usiifukuze risasi moja moja. Na uache mtutu upoe kati ya makundi, maana siku ya kuwinda utapiga risasi yako kwa mtutu wa baridi.

Ile .30-06 ina teke, yaani husukuma bega kwa nguvu inapofyatuka. Mgeni akishagongwa bega mara mbili, mwili huanza kujihami: jicho linafumba, kidole kinavuta triga kwa ghafla, na risasi inakwenda kando. Dawa yake ni kumpa mwenzako bunduki akujazie yeye, mara risasi ya kweli, mara ganda bovu la mazoezi lisilolipuka, bila kukwambia ni lipi. Ukivuta triga juu ya ganda bovu na mtutu ukaruka, umejiona mwenyewe. Rudia mpaka mtutu utulie. Usisogeze nyusi karibu na kioo, acha nafasi ya sentimita 8 au 9, ama darubini itakupasua juu ya jicho.

Baada ya hapo, ondoka mezani. Hili ndilo wengi hawalifanyi. Msituni hakuna meza wala mfuko wa mchanga, kuna pumzi inayohema na vidole vilivyokufa ganzi. Chukua sahani ya karatasi yenye upana wa sentimita 20, kwa sababu moyo na mapafu ya kulungu mkubwa huchukua eneo linalokaribia hilo. Ibandike kwa yadi 50. Piga tano ukiwa umekaa chini, viwiko vimeshikwa na magoti. Zote zikiingia kwenye sahani, sogea yadi 75, kisha 100. Pale itakapotoka hata moja, umevuka mpaka wako. Rudi hatua moja nyuma, na hapo ndipo jibu la swali lako. Umbali wako ni ule ambao risasi tano kati ya tano zinaingia ukiwa umekaa kama utakavyokaa porini. Kwa wageni wengi huwa ni yadi 75, kwa wengine 100. Usione haya. Misitu mingi anakoishi mnyama huyu ina miti iliyosongamana kiasi kwamba hutaona mbali zaidi ya hapo. Mwenzako akikuchochea kupiga yadi 200, mkumbushe kwamba .30-06 iliyorekebishwa kwa yadi 100 hushuka takriban sentimita 10 ikifika 200, na tetemeko la mikono yako limezidishwa mara mbili.

Umbali pekee hautoshi, mwangalie alivyosimama. Pozi mbili tu ndizo zako msimu huu: akiwa ubavu kamili, au akiwa amekupa mgongo kwa mshazari, kichwa kimeelekea upande wa mbali. Akiwa ubavu, panda kwa macho kufuata nyuma ya mguu wa mbele mpaka theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili, upige hapo. Akiwa mshazari, lenga ili risasi itokee kwenye bega la upande wa pili. Akikukabili uso kwa uso, akikupa makalio, akikimbia, au kichwa peke yake kikichungulia nyuma ya mti, shusha bunduki. Kichwa ni kidogo na hakitulii, na risasi inayovunja taya humwacha mnyama hai afe kwa njaa. Tazama pia kilicho nyuma yake. Kulungu aliyesimama juu ya kilima na anga nyuma yake hapigwi, kwa sababu risasi ya raifoli husafiri maili kadhaa na hujui inaishia wapi.

Akiwa anatembea, toa sauti fupi ya mdomo, kama mbuzi anayelia kwa chini. Mara nyingi atasimama na kuinua kichwa. Ukimwona anapiga ardhi kwa kwato la mbele, ameshakushuku. Mkia mweupe ukishanyanyuka, amekwenda.

Umepiga. Sasa kaa pale pale. Ingiza risasi nyingine, washa swichi ya usalama, na ukariri mti aliosimama na mti wa mwisho ulipomwona. Aliyerusha miguu ya nyuma kama punda, kwa kawaida amepigwa moyo au mapafu. Aliyekunja mgongo na kuondoka polepole amepigwa tumbo. Subiri nusu saa hata kama una uhakika. Kisha nenda aliposimama, upige magoti, utazame majani kwa karibu. Damu ya waridi yenye mapovu madogo ni ya mapafu, mfuate, hayuko mbali. Damu nyekundu iliyokoza, bila mapovu, inaelekea kuwa ya ini, kwa hiyo mpe saa tatu au nne. Majimaji ya kijani au kahawia yenye harufu ya tumbo yanakuamuru urudi nyuma kimya kimya na umwache kwa muda wa saa 8 au zaidi. Aliyepigwa tumbo hulala karibu asipofukuzwa. Ukimkurupusha atakwenda kilomita nzima bila kuacha tone, na hutampata. Weka kitambaa au karatasi ya chooni kwenye kila tone la mwisho uliloliona, na utembee kando ya mchirizi, usiukanyage. Wenzako watakuwa na haraka. Wazuie.

Kuhusu nguo: rangi ya chungwa inayong'aa ni lazima kisheria katika majimbo mengi wakati wa msimu wa bunduki, na hata pasipo lazima ivae. Kulungu haioni kama sisi, kwake imefifia. Anachokiona vizuri ni bluu, kwa hiyo acha jinzi nyumbani na usifue nguo za kuwindia kwa sabuni yenye kung'arisha. Lakini macho yake si tatizo lako kubwa. Tatizo ni pua. Hakuna manukato ya dukani yanayoishinda, kinachoishinda ni upepo kuvuma kutoka kwake kuja kwako. Beba kichupa cha unga laini, uupulize kidogo kila baada ya muda uone unakoelekea. Siku tulivu, hewa hupanda mlima jua likiwaka asubuhi na kuteremka bondeni jioni. Kaa kwa kufuata hilo, na kama upepo umegeuka, hama. Novemba ni msimu wa kujamiiana katika sehemu kubwa ya kaskazini, madume hutembea hata mchana, hivyo usirudi kambini saa nne asubuhi kwa sababu wenzako wamesikia njaa.

Kama mtakaa juu ya dungu mtini, basi kifaa ulichosahau ni mshipi wa usalama wa mwili mzima. Kuanguka kutoka dunguni ni miongoni mwa sababu kuu za wawindaji kuumia, na wengi huanguka wakati wa kupanda au kushuka, kwa hiyo mshipi ufungwe mtini tangu miguu inapoondoka ardhini. Bunduki isipande nawe. Itoe risasi zote, ifunge kwa kamba, upande kwanza, ndipo uivute, mtutu ukielekea chini mbali na watu. Ongeza tochi ya kichwani, dira, filimbi, kifaa cha kukaza mguu au mkono unaovuja damu, na dawa ya kupe, kwani kupe wa kulungu hueneza ugonjwa wa Lyme na baridi ya Novemba haiwamalizi wote.

Mnyama akishalala, mguse jicho kwa kijiti kirefu ukitokea mgongoni. Lisipopepesa, amekufa. Jaza lebo yako ya kulungu, ile inayoambatana na leseni, hapo hapo kabla ya picha na kabla ya kisu. Kisha vaa glavu, mlaze chali, na upasue ngozi ya tumbo kwa makali yaliyotazama juu, vidole viwili vikitangulia kisu kuinua ngozi ili usitoboe matumbo. Mkojo na uchafu wa tumbo ndivyo vinavyoharibu nyama, vikimwagika futa na ukate sehemu iliyoguswa. Toa kila kitu mpaka koo, ukiacha kifua wazi kipitishe hewa. Nyama inapaswa kushuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi mapema iwezekanavyo, kwa hiyo mchana ukiwa na joto mifuko ya barafu ndani ya kifua si anasa.

Na usitupe kichwa. Kuna ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967, unaosababishwa na protini zilizopinda umbo ambazo hata kupika hakuziui. Mnyama anaweza kuwa nao akaonekana mzima na mnene. Haijathibitishwa kwamba umempata binadamu kwa kula nyama, lakini kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa kinashauri wawindaji wa maeneo yenye ugonjwa wapime mnyama kabla ya kumla, na wasile aliyepimwa akakutwa nao. Vipimo hutumia tezi za kooni au ubongo, ndiyo maana kichwa kinahitajika. Majimbo mengi pia yanakataza kuuvusha ubongo na uti wa mgongo kwenye mpaka wa jimbo. Kama mtawinda jimbo moja na kuishi jingine, toeni nyama kwenye mifupa huko huko mlikowinda, na ulizeni mapema ni wapi panapopokelewa vichwa vya kupimwa.