Maswali ya Wasomaji: Mbeleko ya Kumnyanyulia Mgonjwa

SWALI: Mama yangu alipata kiharusi na upande wake wa kushoto hauna nguvu. Jamaa waliomaliza kumuuguza mtu wao walitupatia mashine ya kunyanyulia mgonjwa pamoja na mbeleko yake, yaani kitambaa imara kinachomshika mgonjwa anaponyanyuliwa. Lebo ya mbeleko inaonyesha kwamba inabeba hadi kilo 200, naye mama ana kilo 62 tu. Hata hivyo, kila tunapomnyanyua, makalio yake hushuka, magoti hupanda kuelekea kifuani, naye hulia kwa hofu. Kosa liko wapi, ikiwa uzito wake uko mbali sana na kikomo?
– Binti anayemuuguza mama

JIBU: Pole kwa kuuguza, na tafadhali simamisheni kwanza matumizi ya mbeleko hiyo, kwa sababu dalili unazozieleza ndizo zinazotangulia mtu kuteleza na kuanguka.

Kilo zilizoandikwa kwenye lebo hueleza nguvu ya kitambaa na mishono yake. Hazielezi hata kidogo kama kitambaa hicho kinamkaa mama yako. Mbeleko iliyo kubwa mno humwachia mwili nafasi ya kuzama katikati, nyonga zikakunjika kupita kiasi na makalio yakatafuta pa kutokea. Iliyo ndogo mno nayo hubana kinena na makwapa, na huacha sehemu ya mgongo bila kushikiliwa. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni cha mwili. Ukingo wa chini wa mbeleko unapaswa kufika kwenye kifandugu, ukingo wa juu ufike mabegani, au juu ya kichwa kwa mtu asiyeweza kuishikilia shingo yake, na vipande vya miguu vipite chini ya mapaja vikiwa vimenyooka, bila kukunjamana. Usitegemee rangi ya ukingo au herufi ya saizi uliyoizoea, kwa kuwa kila mtengenezaji ana vipimo vyake, na saizi ya kati ya mmoja yaweza kuwa kubwa ya mwingine.

Inawezekana pia kwamba mbeleko ni ya saizi inayofaa lakini imewekwa juu mno mgongoni, au vitanzi, yaani mikanda ya kuitundikia mbeleko kwenye mashine, vimefungwa kwa urefu usiofaa. Vitanzi vifupi mabegani humketisha mtu wima zaidi, ilhali virefu humlaza nyuma; vitanzi vifupi miguuni huyapandisha magoti. Kwa kawaida urefu wa kulia na wa kushoto huwa sawa, isipokuwa mtaalamu aliyempima mgonjwa ameagiza vingine. Vipande vya miguu mara nyingi hupishanishwa katikati ya mapaja, kimoja kikipitishwa ndani ya kingine, na hivyo mapaja hukaa pamoja, heshima ya mgonjwa hulindwa, na uwezekano wa kuteleza kwenda mbele hupungua. Mkono wake wa kushoto usiachwe ukining'inia. Ulazwe tumboni kabla ya kuanza kunyanyua.

Kuhusu kikomo cha uzito, kumbuka kwamba mashine, upau unaoshika vitanzi, na mbeleko vinaweza kuwa na vikomo tofauti, na unaofuatwa ni ule mdogo kuliko yote. Na kwa kuwa vifaa hivi vilikuwa vya mtu mwingine, hakikisheni kwamba mbeleko ni ya aina inayokubaliana na upau huo. Mbeleko ya vitanzi hutundikwa kwenye kulabu. Ile ya klipu huhitaji upau wake maalumu, wala haifai kulazimishwa. Ningeomba sana mtaalamu wa fiziotherapia au wa tiba kazi ampime mama kabla hamjamnyanyua tena, maana kiharusi hubadilisha jinsi mwili unavyoegemea upande mmoja, jambo ambalo picha za kwenye kijitabu cha maelekezo haziwezi kulionyesha.

Siku mtakapoanza upya, mnyanyueni sentimita chache tu juu ya kitanda, kisha msimame. Tazameni kitanzi kimoja baada ya kingine kama kimeingia hadi ndani ya kulabu na kimekaza, tazameni uso wake, mwulizeni panapombana. Kama kuna jambo lisiloridhisha, mshusheni na muanze tena. Kutoka kimo hicho hakuna kinachopotea. Ninalisisitiza kwa sababu ajali nyingi zinazotokana na kitanzi kilichoshika nusu zingezuiwa na kituo hicho kifupi.

SWALI: Baba ana ugonjwa wa Parkinson. Tumeona ile mbeleko ya chooni, yenye uwazi mkubwa chini na mkanda wa kifuani, ni nyepesi kuvisha na hurahisisha kumvua nguo. Je, tunaweza kuitumia kwa safari zake zote?
– Mwana anayemhudumia baba

JIBU: Hapana. Uwazi huo unaoifanya iwe nyepesi ndio unaoifanya iwe ya hatari zaidi kati ya zinazotumika sana. Inamshika mtu chini ya makwapa na mapaja tu, na mikono yake hukaa nje, hivyo inamhitaji awe na nguvu ya kiwiliwili, aweze kukaza mabega, na aelewe maelekezo. Akilegea au akiinua mikono juu, anaweza kupita katikati akaanguka. Mwenye Parkinson huwa na saa nzuri na saa mbaya katika siku hiyohiyo. Basi chagueni mbeleko kwa kufuata saa zake mbaya. Kwa safari ya kitandani hadi kitini, tumieni ile inayofunika mgongo na makalio. Ya chooni ibaki kwa kazi yake, tena baada ya mtaalamu kuridhika kwamba baba anaiweza.

SWALI: Je, breki za mashine zifungwe wakati wa kunyanyua, na mbeleko inaweza kubaki chini ya mgonjwa akiwa kitini?
– Mhudumu wa wazee

JIBU: Funga breki za kiti cha magurudumu na za kitanda. Za mashine ya kusukuma, kwa nyingi, huachwa wazi ili ijisogeze yenyewe na kukaa chini ya uzito badala ya kuyumba. Fuata kijitabu cha mashine yako. Mbeleko ya kawaida itolewe, kwa kuwa mikunjo yake huchangia vidonda vya mgandamizo, hasa kwa ngozi yenye unyevu. Zipo zilizotengenezwa makusudi kubaki chini ya mtu, lakini hata hizo zinahitaji ngozi ikaguliwe.

Kabla ya kila matumizi, pitisha vidole kwenye kila kitanzi na utazame pale kinaposhonewa kwenye kitambaa, kwani uchakavu mara nyingi huanzia hapo: uzi uliochomoka, rangi iliyopauka, kitambaa kilichokakamaa. Fua kwa joto lililoandikwa kwenye lebo, bila dawa ya klorini na bila pasi, kwa sababu vyote viwili hudhoofisha nyuzi bila kuonekana. Lebo ikishafutika kiasi cha kutosomeka, mbeleko hiyo iondolewe kazini hata kama mishono yake bado inaonekana mizima.